Kabla ya Kisu, Uliza Uvimbe Huu ni wa Aina Gani

Mwanamke anapotoka chumba cha ultrasaundi Rongo, Ndhiwa au Kendu Bay akiwa na karatasi inayosema kuna uvimbe kwenye ovari na haukueleweka vizuri, nyumbani mambo huanza kwenda mbio. Ng'ombe anatafutiwa mnunuzi, chama kinaombwa mkopo, shemeji aliye Nairobi anapigiwa simu, na kila mtu anataka uvimbe utolewe jambo liishe. Haraka hiyo inatokana na mapenzi. Hata hivyo, siku chache zilizo kati ya karatasi ile na kitanda cha theta ndizo zinazoamua mengi, na zinastahili kutumiwa vizuri.

Ushauri wangu ni mmoja: usikubali upasuaji wa uvimbe wa ovari kabla hujaelezwa unadhaniwa kuwa wa aina gani. Ultrasaundi ikishindwa kujibu, uliza kama picha ya MRI itajibu. Aina ya uvimbe ndiyo inayoamua nani ashike kisu, katika hospitali gani, akate nini na aache nini, na hata kama kisu chenyewe kinahitajika.

Kuna hali isiyosubiri. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojipinda na kukatiwa damu. Hapo nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, wala usitafute MRI.

Saratani za ovari hazifanani

Takriban saratani tisa kati ya kila kumi za ovari ni za kundi moja kubwa, lakini ndani ya kundi hilo kuna tabia tofauti sana. Ile inayopatikana zaidi hukua kwa kasi, na mara nyingi chanzo chake ni mrija wa uzazi ulio jirani na ovari. Hushika ovari zote mbili, hutawanyika mapema kwenye utando wa tumbo na hujaza tumbo maji. Mgonjwa wa namna hii huhitaji kemo, yaani dawa kali za saratani, pamoja na upasuaji mkubwa. Mara nyingine kemo hutangulia ili uvimbe unywee kwanza.

Aina nyingine hukaa upande mmoja kwa muda mrefu. Baadhi huchipuka ndani ya mfuko wa damu nzee wa mwanamke aliyeteseka kwa miaka mingi na endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota mahali pasipo pake na kuleta maumivu makali ya hedhi. Nyingine hujaa ute mzito na kukua hadi tumbo likafanana na la mimba ya miezi tisa. Hii ya ute ina mtego wake: mara nyingi saratani ya ute inayoonekana kwenye ovari imetoka kwingine, kama vile kwenye tumbo la chakula, utumbo mpana au kidole tumbo. Inapokuwa ndogo na iko pande zote mbili, shaka hiyo huzidi. Mgonjwa huyo anahitaji utumbo na tumbo lake vichunguzwe kwa kamera kabla ya yeyote kugusa ovari.

Kwa wasichana na wanawake wa miaka ya ishirini kuna kundi jingine, linaloanzia kwenye seli zinazotengeneza mayai. Hukua upesi na hutisha kwa ukubwa, lakini wengi hupona kabisa kwa kemo, na kwa kawaida ovari ya upande wa pili na mji wa mimba huachwa salama. Msichana wa kidato cha nne aliyefanyiwa upasuaji uleule anaofanyiwa nyanya yake amenyang'anywa uzazi bila sababu. Halafu kuna uvimbe unaotoa homoni za kike, ambao unaweza kumfanya mama aliyekwisha kukoma hedhi aanze tena kutokwa na damu.

Na mara nyingi zaidi, uvimbe wa ovari si saratani hata kidogo. Kuna vifuko vya maji vinavyokuja na kuondoka pamoja na hedhi. Kuna uvimbe wa mafuta wenye nywele na hata meno ndani yake, ambao hutolewa peke yake na ovari ikabaki. Kuna faibroidi ya mji wa mimba iliyoning'inia kwa kikonyo hadi ikaonekana kama mali ya ovari.

Magonjwa ya pande hizi yanayojifanya saratani ya ovari

Msomaji wa kaunti za Migori na Homa Bay ana sababu za ziada za kudai jibu kabla ya kisu. Ya kwanza ni kifua kikuu cha tumbo. Ugonjwa huu hujaza tumbo maji, hukondesha, hufanya utando wa tumbo uwe mnene, na hupandisha kipimo cha damu cha CA-125 ambacho watu wengi hukichukulia kuwa ushahidi wa saratani. Virusi vya Ukimwi huongeza hatari ya kifua kikuu, na utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya watu wazima yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori. Mama mwenye tumbo lililojaa maji na CA-125 iliyopanda anaweza kuwa na saratani iliyoenea, na anaweza kuwa na kifua kikuu kinachotibiwa kwa vidonge vya bure kwa miezi sita. Maji yale na kipande kidogo cha utando hupelekwa maabara kwanza. Kumtoa mtu kizazi kwa sababu ya kifua kikuu ni hasara isiyorudishika.

Ya pili ni uvimbe wa Burkitt, ambao daktari Denis Burkitt aliuelezea akiwa Uganda mwaka 1958 na ambao unajulikana sana katika ukanda wa ziwa. Wengi huujua kwa watoto waliovimba taya, lakini huingia pia tumboni, na kwa wasichana unaweza kushika ovari zote mbili. Hukua kwa kasi ya ajabu na tiba yake ni kemo. Mtoto aliyekatwa tumbo kwa sababu hiyo huchelewa kuanza dawa ambayo ingemponya.

Ya tatu ni kichocho cha matumbo kinachopatikana kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Karungu hadi Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kikikaa miaka mingi huharibu mishipa ya ini na kujaza tumbo maji. Mwambie daktari kama umeishi ukivua, ukifua au ukichota maji ziwani. Habari hiyo ni sehemu ya uchunguzi.

MRI inaona nini

MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Haina mionzi kama ya eksirei au CT. Uwezo wake mkubwa ni kutofautisha vitu laini vya mwilini: maji, damu nzee, mafuta, ute, nyama ngumu ya nyuzi na nyama hai inayokua.

Uvimbe wa mafuta hujulikana pale fundi anapoiamuru mashine izime mwanga wa mafuta na uvimbe ukazimika pamoja nao. Damu nzee ya endometriosisi ina kivuli chake. Uvimbe wa nyuzi, ambao kwa kawaida hauna madhara, huonekana mweusi. Faibroidi huonekana mishipa yake ikitoka kwenye mji wa mimba, wakati ovari imekaa pembeni ikiwa nzima. Kisha kuna picha zinazoonyesha jinsi maji yanavyosogea kati ya seli: mahali seli zimesongamana, kama ilivyo kwenye saratani nyingi, maji hukwama na sehemu hiyo hung'aa. Mwishowe huchomwa dawa ya mshipani yenye gadolini, na daktari wa picha hutazama sehemu ngumu ya uvimbe inavyoinywa. Saratani kwa kawaida huinywa upesi kuliko ukuta wa mji wa mimba, na uvimbe usio na madhara huinywa polepole.

Madaktari wa picha wana mfumo wa kuyaweka haya yote katika namba, uitwao O-RADS MRI. Alama ya 1 ina maana hakuna uvimbe. Alama ya 2 ina maana uwezekano wa saratani haufiki hata nusu ya asilimia moja. Alama ya 3 ni takriban asilimia 5, ya 4 ni karibu asilimia 50, na ya 5 ni karibu asilimia 90. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliosajili wanawake 1,340 katika vituo 15 ambao ultrasaundi ilikuwa imeshindwa kuwapa jibu, ulionyesha kwamba mfumo huu ulitambua saratani zaidi ya tisa kati ya kila kumi, na ulitambua kwa kiwango kama hicho uvimbe usio saratani. Ukipokea majibu yako, uliza: alama yangu ni ngapi?

Zaidi ya namba hiyo, umbo la uvimbe humdokezea daktari mzoefu aina yake. Uvimbe mgumu pande zote mbili pamoja na vipande kwenye utando wa tumbo huelekeza kwenye ile saratani ya kasi. Mfuko mmoja wa damu nzee wenye kinundu kinachokunywa dawa huelekeza kwenye saratani inayotokana na endometriosisi. Uvimbe mkubwa wa vyumba vingi vyenye ute wa uzito tofauti huelekeza kwenye aina ya ute.

Nani anaihitaji, na nani aihifadhi pesa yake

MRI si ya kila mtu. Kifuko cha maji matupu kisichozidi sentimita tano kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi mara nyingi hutoweka chenyewe. Kikihitaji kufuatiliwa, ultrasaundi ya marudio baada ya hedhi mbili tatu inatosha. Kwa upande wa pili, mama ambaye saratani yake imeonekana wazi kuenea tumboni anahitaji CT ya kifua na tumbo, kipande cha nyama kwa maabara, na kemo. Kumtuma akapige foleni ya MRI ni kumchelewesha.

Anayefaidika ni yule wa katikati: ultrasaundi imefanywa na mtu mwenye ujuzi, ikaonyesha uvimbe wenye sehemu ngumu au kuta nyingi, na haikuweza kusema ni wa aina gani. Anafaidika zaidi kama bado anataka watoto, kama kuna shaka ya faibroidi au endometriosisi, au kama jibu litaamua apasuliwe hapa kaunti au apelekwe kwa bingwa. Swali la kumuuliza daktari kwa heshima ni hili: picha hii ikitoka, itabadilisha nini katika matibabu yangu? Akiwa na jibu, nenda. Asipokuwa nalo, omba maoni ya daktari wa pili.

Kabla ya kusafiri, rudia ultrasaundi kwa mtaalamu wa radiolojia au daktari wa magonjwa ya wanawake, kwa kuwa hiyo peke yake hutatua maswali mengi. Fanya pia vipimo vya damu vinavyolingana na umri. Kwa mama wa makamo, CA-125 pamoja na CEA, maana CEA ikipanda kuliko inavyotarajiwa, utumbo na tumbo hushukiwa. Kwa msichana, AFP, LDH na homoni ya ujauzito, ambazo hupandishwa na saratani za seli za mayai. Kumbuka kwamba hedhi, mimba, faibroidi na kifua kikuu pia hupandisha CA-125. Namba hiyo haihukumu peke yake.

Safari na gharama

Kaunti za Migori na Homa Bay zina watu zaidi ya milioni 2.2 kwa hesabu ya sensa ya 2019, na wagonjwa wengi wanaohitaji picha na mabingwa wa aina hii hutumwa Kisumu, Eldoret au Nairobi. Kutoka Migori hadi Kisumu kupitia Kisii na Oyugis ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo usiende kwa kubahatisha. Anzia hospitali ya rufaa ya kaunti yako, Migori au Homa Bay, upate barua ya rufaa iliyoandika swali linalohitaji kujibiwa. Barua inayosema "MRI ya nyonga" tu huleta picha ya jumla. Inayosema "uvimbe wa ovari ya kushoto, sentimita nane, una sehemu ngumu, tafadhali tumia dawa ya mshipani na utoe alama ya O-RADS" huleta jibu.

Piga simu kwanza. Uliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, kama dawa ya gadolini ipo, majibu hutoka baada ya siku ngapi, na nani atayasoma. Uliza pia kama hospitali hiyo ina mkataba na bima ya afya ya SHA kwa kipimo hiki, maana tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na vipimo vikubwa huhitaji idhini kabla ya siku yenyewe. Hakikisha mchango wa SHA wa kaya yako umelipwa. Kama familia itachanga, mchango uhesabu safari yote: nauli, mahali pa kulala, MRI, upasuaji na maabara. Pesa ikiishia kwenye picha, picha haikusaidia.

Siku ya kipimo

Utaambiwa usile kwa saa chache ili utumbo utulie, na huenda ukachomwa sindano ya kuutuliza zaidi. Vua chochote cha chuma: hereni, mkufu, shanga za kiunoni zenye waya, hirizi yenye kasha la bati, sidiria, vibanio vya wigi na vya nywele za kusukia. Simu na kadi za benki zibaki nje. Wanaochomelea au kusaga vyuma wataje kazi yao, kwani chembe ya chuma kwenye jicho inaweza kusogezwa na sumaku. Mwenye kifaa cha moyo, au chuma kilichowekwa mwilini kwa upasuaji, aseme kabla ya kuingia. Kijiti cha uzazi wa mpango kwenye mkono na koili ya shaba kwa kawaida hazizuii kipimo, ila zitaje pia.

Dawa ya gadolini hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu, au anayetumia ARV kwa miaka mingi apimwe figo mapema. Mwenye mimba aseme, kwa kuwa dawa hiyo huepukwa kwake. Utalala ndani ya mashine kwa nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Inapiga kelele kubwa. Utapewa kinga ya masikio na kitufe cha kuita. Ukitikisika picha huharibika, basi kama unaogopa mahali pa kubana sema mapema, na umwombe dada au mume akae karibu kadiri sheria za chumba zinavyoruhusu.

Ondoka na vitu viwili: ripoti iliyoandikwa na CD ya picha zenyewe. Bingwa atataka kuzitazama kwa macho yake.

Baada ya majibu

Alama ya 2 au 3 kwa kawaida ina maana uvimbe unaweza kufuatiliwa, au kutolewa na daktari wa magonjwa ya wanawake karibu na nyumbani huku ovari ikiachwa inapowezekana. Alama ya 4 au 5 ina maana ujadiliwe na bingwa wa saratani za wanawake. Chuo Kikuu cha Moi hufundisha mabingwa hao Eldoret, na wapo pia katika hospitali kubwa za Nairobi. Uliza maswali haya, uyaandike majibu:

- Unashuku aina gani, na kwa nini?
- Je, kifua kikuu na saratani iliyotoka kwingine zimeondolewa shakani?
- Tuanze na upasuaji au na kemo?
- Uvimbe utatolewa mzima bila kupasuliwa ndani ya tumbo?
- Kizazi changu kinaweza kuachwa?
- Nani atapima nyama itakayotolewa, na lini?

Swali la nne lina uzito wake. Saratani iliyojifungia ndani ya ovari moja ina nafasi nzuri sana ya kupona, na ikipasuka wakati wa upasuaji seli humwagika tumboni, hatua ya ugonjwa hupanda, na mgonjwa anaweza kulazimika kupata kemo ambayo hangeihitaji. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali uvimbe uliojifungia uchomwe sindano ili kunyonywa maji. Kutoa maji yaliyokwisha kujaa tumboni ni jambo tofauti na halina ubaya.

MRI haisemi neno la mwisho. Hilo ni la mtaalamu wa patholojia anayetazama nyama kwa hadubini. Hakikisha kilichotolewa kimetiwa dawa ya formalini, kimeandikwa jina lako na kimefika maabara, na usirudi nyumbani kwa mara ya mwisho bila kuchukua ripoti yake. Familia nyingi hulipia upasuaji zikashindwa kufuatilia ripoti, na mgonjwa akabaki hajui alikuwa na nini.

La kufanya wiki hii

Kama umepimwa saratani ya mlango wa kizazi au umejichukulia sampuli ya HPV, umefanya vyema, lakini kipimo hicho hakigusi ovari. Wala hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wazima wote: utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanawake zaidi ya 200,000, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, ulikuta kuwa kuwapima kwa CA-125 na ultrasaundi hakukupunguza vifo. Kilichobaki ni kusikiliza mwili. Tumbo kujaa kila siku, kushiba upesi, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara vikiendelea kwa wiki mbili tatu, hasa ukiwa umepita miaka 50 au mama na dada zako wameugua saratani ya titi au ovari, usiendelee kununua dawa za vidonda vya tumbo na amiba dukani. Omba ultrasaundi.

Na kama karatasi ya ultrasaundi iko nyumbani tayari, fanya mambo matatu kabla wiki haijaisha. Irudishe kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, umuulize anashuku aina gani. Asipoweza kusema, muulize kama MRI itasema, na aandike swali hilo kwenye barua ya rufaa. Kisha waambie wazee na shemeji wanaochanga kwamba mchango wa kwanza ni wa kujua, na wa pili ni wa kutibu. Wakielewa hivyo, mgonjwa ataingia theta mbele ya daktari anayejua anachokwenda kutoa na anachopaswa kukiacha.